Nyumba ya kwanza Lubumbashi: msaada wa serikali uko wapi, na parsele (kiwanja) inanunuliwa vipi bila kuliwa

Wiki iliyopita mdogo wangu amenitumia mesaji moja ya WhatsApp, zile zinazozunguka mu magrupu ya familia na ya kanisa, eti serikali inatoa dola 5,000 kwa kila kijana anayenunua nyumba yake ya kwanza, jaza fomu hapa, tuma dola 15 za kufungua dosie kwa namba hii. Kumbe yeye alishatuma. Nikamuuliza, sasa umemtumia nani? Akajibu: "Yaya, lakini juu yake kuko drapo ya Congo." Drapo! Hata mimi naweza kuweka drapo.

Ndiyo maana nimeandika huu mwongozo, mrefu kidogo mtaniwia radhi, kwa yeyote wa hapa anayetaka kutoka kwenye kulipa loye na kuingia kwake. Nianze na hiyo pesa ya serikali tuimalize mapema.

Pesa ya serikali

Kwetu hakuna biro unakoenda na kadi yako ya elektere ukaambiwa haya, shika hii ikusaidie kununua nyumba ya kwanza. Yale mnayosoma kwenye intaneti ni ya wengine. Kenya, tangu sheria ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na bosi wake anaongeza 1.5 nyingine, pesa inaenda kujenga nyumba za bei nafuu. Ufaransa kuko mkopo unaitwa PTZ, ulianza 1995, hauna riba hata senti, ni wa mtu ambaye miaka miwili ya mwisho hakuwa mwenye nyumba anayoishi. Canada tangu 2023 kuko konti ya CELIAPP, unaweka mpaka dola 8,000 za kule kwa mwaka, jumla 40,000, na ukiitoa kununua nyumba ya kwanza haikatwi kodi.

Na hapa naongea na bandugu wetu wa Montréal na Paris maana maswali yao nayapata kila siku: pesa hizo ni za nyumba ya huko huko mliko. CELIAPP inataka nyumba iwe Canada, PTZ inataka nyumba utakayoishi mwenyewe Ufaransa. Ukiitoa ya CELIAPP ukanunua nayo parsele hapa kwetu Kalebuka, itahesabiwa kama mapato na utalipa kodi yake. Afadhali mtumie akiba ya kawaida.

Wazee watakwambia zamani msaada ulikuwepo na hawadanganyi. Wabeleji waliunda OCA, ofisi ya kujenga nyumba za Waafrika mijini, mwaka 1952, na zile nyumba za mwanzo za Ruashi zinazofanana kama mapacha ni kazi yake, halafu 1955 wakaweka Fonds du Roi ya kusaidia watu kupata nyumba. Enzi ya Mobutu ikaja CNECI, mfuko wa serikali wa akiba na mkopo wa nyumba. Leo nenda kaulize CNECI wanakopeshea wapi, watakucheka.

Kinachobaki serikalini ni kitu kimoja, na mimi naona ndicho kikubwa kuliko hizo dola 5,000 za uongo: setifika ya anrejistrema, yaani karatasi inayoonyesha parsele imeandikwa kwa jina lako kwenye kitabu cha serikali. Hiyo serikali peke yake ndiyo inatoa, na pesa nyingi nilizoona watu wamepoteza hapa hazikupotea juu ya bei, zilipotea juu ya kununua bila hiyo karatasi ama kutoichungulia vizuri.

Pesa utaitoa wapi basi

Ukiwa na mshahara, chukua fishi yako ya malipo uangalie mstari wa logement (pesa ya nyumba). Kode ya travay, yaani sheria ya kazi, ya 2002 inasema ukiajiriwa mbali na kwenu ama ukihamishwa, bosi akupe nyumba, akishindwa akupe pesa ya nyumba. Makampuni mengi yanaiweka hiyo pesa kwa kila mfanyakazi. Wengi wanaila pamoja na mshahara bila kujua hata ni ngapi. Jirani yangu mmoja anafanya kazi kwenye kampuni ya mine, tangu siku ya kwanza ule mstari hakuwahi kuugusa, aliuacha uende konti nyingine na yeye akabaki kuishi nyumba ya vyumba viwili Katuba na watoto watatu. Tulimcheka sana. Leo anakaa kwake.

Pesa nyingine iliyolala ni garanti uliyompa mwenye nyumba. Sheria ya mwisho wa 2015 (namba 15/025) inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Mkiwa mmempa miezi sita ama kumi, na najua mmetoa, mnayo haki ya kuongea, na siku ya kutoka ile pesa ni yenu irudi. Muandikiane karatasi siku ya kuingia, usingoje siku ya kugombana.

Halafu likelemba. Watu kumi wa dola 100 kwa mwezi, zamu yako unashika 1,000 mara moja, hakuna riba, hakuna fomu. Ila usichukue zamu ya kwanza kama hujaona bado parsele, maana dola 1,000 ikikaa ndani ya nyumba bila kazi itapata kazi yenyewe: shangazi ataugua, mtoto wa kaka atataka minervali ya shule, na baada ya wiki tatu unabaki na deni la miezi tisa. Omba zamu ya katikati.

Benki zipo na zinakopesha, lakini zinataka mshahara upitie kwao, na kwa mkopo mkubwa wa nyumba watataka ipoteki, yaani nyumba yenyewe isimame kama dhamana, na ipoteki inaandikwa juu ya setifika. Hauna setifika, hauna ipoteki. Unaona tena tunarudi palepale.

Kutafuta mahali

Nenda kuangalia wakati wa mvua. Kabisa. Mwezi wa saba kila parsele ya Lubumbashi ni nzuri, vumbi jekundu, jua, komisioneri (dalali) amevaa viatu safi. Rudi mwezi wa kwanza baada ya usiku wa mvua, uone maji yanapita wapi na yanalala wapi, uulize mama anayeuza makala pembeni ya njia (yeye hana komisio ya kulinda) kama mwaka jana maji yaliingia mu nyumba za watu.

Wengi wenye pesa ndogo siku hizi tunaangukia komini ya Annexe, Kisanga, Kasungami, Luwowoshi, Naviundu huko, maana katikati bei hazishikiki. Sawa. Lakini uwe na macho: usinunue chini ya waya kubwa za umeme za SNEL, wala kando ya reli, wala karibu na uwanja wa ndege wa Luano, wala kwenye ardhi ya mine hata kama watu mia wamejenga tayari na kuna kanisa na shule. Wingi wa nyumba si karatasi. Siku mashine ya kubomoa ikifika haiulizi mko wangapi.

Uliza pia ya maji. Kama REGIDESO haijafika, kisima cha jirani kina mita ngapi? Hiyo nayo ni bei ya parsele.

Anayeuza ni nani

Komisioneri si mwenye parsele. Ni mtu wa kukuonyesha tu, na wengi wanaanza kuongea asilimia 10 kabla hata hamjafika. Usimpe pesa ya parsele mkononi, hata ya kushikilia. Omba kuonana na mwenyewe, aje na kadi yake, jina lililo kwenye kadi lifanane na lililo kwenye karatasi ya parsele, herufi kwa herufi.

Kama ameoa au ameolewa, mwenzake asaini. Sheria ya familia ya Congo inataka bibi na bwana wote wakubali nyumba ama parsele ikiuzwa. Mwanaume akikwambia "bibi iko safarini, atasaini akirudi", na wewe mwambie pesa nayo iko safarini.

Ya marehemu ndiyo mbaya zaidi. Mzee amekufa, mtoto mkubwa anauza. Kwa sheria yetu watoto wote, hata wale wa nje aliowatambua angali hai, ni warithi wa kwanza na wanachukua robo tatu, robo inabaki kwa bibi au bwana aliyebaki, wazazi na ndugu. Kwa hiyo mtoto mmoja hana kitu cha kuuza peke yake. Unaomba karatasi ya kifo, hukumu ya tribinali inayotaja warithi, karatasi ya baraza la familia inayosema wamekubali kuuza na nani amepewa kazi ya kuuza, na saini za wote. Mjomba wangu alinunua Kenya (komini, si nchi) kwa kijana mmoja mpole sana, aliyekuwa analia akiongea juu ya baba yake. Miaka minne baadaye wakatokea dada wawili kutoka Kolwezi na mama yao. Walikuwa na haki. Mjomba alilipa parsele mara ya pili.

Karatasi, na hapa muache simu muniskilize

Kwanza mjue neno moja: kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ile namba 73-021 iliyorekebishwa 1980, udongo wa Congo ni mali ya serikali. Wewe haununui udongo, unanunua haki ya kukaa juu yake. Mkongomani anaweza kupata konsesio perpetueli, yaani ya milele. Mgeni anapata ya kawaida, miaka 25 kisha anaomba tena. Na hiyo sheria inasema haki yako inasimama kwa setifika ya anrejistrema tu.

Sasa sokoni utaonyeshwa karatasi za kila namna. Kuna atestasio ya shefu wa kartie, fishi parsele ya komini, krokisi, "akte ya mauzo" iliyoandikwa kwa bic mu kaye ya mwanafunzi na alama ya kidole. Hizi zinaonyesha kwamba mtu anajulikana pale, basi. Hazimfanyi mwenye haki. Kuna livre de lojeri, kile kitabu kidogo cha zamani cha mwenye nyumba wa cité, kimekunjika, kina harufu ya sanduku. Hicho kina uzito, maana sheria inamkubali mwenye nacho aombe konsesio perpetueli kama ni Mkongomani na parsele iko kwenye eneo lililogawanywa na kupimwa. Ila mwambie muuzaji akibadilishe kwanza kuwa setifika kwa jina lake, ama mkubaliane nani analipa na mpunguze bei. Kuna kontra ya lokasio (ya kukodi) na serikali: ni miaka mitatu, inampa mtu nafasi ya kujenga, akishajenga ndipo anapata kontra ya konsesio na baadaye setifika. Anayekuuzia parsele tupu yenye kontra iliyokwisha muda, anakuuzia historia.

Na kuna karatasi za shefu wa kimila, hasa ukitoka nje ya mji kuelekea Kipushi, upande wa shefrie ya Kaponda. Heshima ya shefu iko palepale, utampelekea kitu chake na atakuonyesha mipaka. Lakini ili ile ardhi iwe yako, serikali inapaswa kwanza kufanya anketi, yaani uchunguzi, kuhakikisha haina mwenyewe, ndipo dosie inapanda. Watu wanaishia kwa shefu kwa sababu ni rahisi. Halafu shefu anakufa, mtoto wake anauza tena.

Sasa kuchungulia setifika yenyewe. Setifika ya kweli ina namba ya volime na folio, maana nakala yake imelala ndani ya kitabu kikubwa kwa konservatere wa titre imobiliere, yaani ofisa wa serikali anayetunza vitabu vya haki za ardhi. Andika hizo namba, andika namba ya parsele ya kadastri (ofisi ya kupima ardhi), halafu nenda wewe mwenyewe. Usimtume komisioneri, usiende na muuzaji, na usikubali "muntu wetu wa ndani" akuletee jibu kwa simu. Lubumbashi kuko sirkonskripsio (eneo lenye ofisi yake) ya ardhi zaidi ya moja, kwa hiyo uliza kwanza parsele yako inaangukia wapi, utapoteza asubuhi nzima kwenye kolidoro isiyo yako. Andika barua ya kuomba habari juu ya parsele, lipa kwa risiti, uulize mambo matatu: jina lililo kwenye kitabu ni la nani, kuko ipoteki, kuko mtu aliyeweka opozisio (pingamizi) ama kesi. Jibu liwe la maandishi, na saini na muhuri.

Mimi yangu nilikaa siku tatu. Siku ya kwanza mkubwa hayuko, siku ya pili kitabu kiko kwa mwingine, siku ya tatu binti mmoja akakifungua mbele yangu, kikubwa kama mlango wa kabati, akapitisha kidole mpaka folio yenyewe, na jina lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Muuzaji wangu alikuwa lokatere, yaani mpangaji tu wa pale. Alikuwa na kopi nzuri ya setifika ya mwenye nyumba wake. Nilirudi nyumbani kwa miguu na pesa yangu yote.

Kupima

Chukua metre ya fundi, usiseme "naona inatosha". Kama karatasi inasema 20 kwa 25, pima 20 kwa 25. Tafuta maborni (alama za mpaka) kwenye kona, mara nyingi yamefunikwa na majani, kwangua na panga mpaka uone. Borni ikiwa mpya sana na simenti yake bado nyeupe wakati parsele ni ya 1994, uliza majirani wa pande zote imewekwa lini. Kisha leta jeometre wa kadastri apime kwa kazi, aandike na prose-verbali (ripoti ya kupima), na majirani wawepo. Jirani aliyesaini leo ni vigumu kukusogezea ukuta kesho.

Kulipa

Hapa kila mtu anakuwa na haraka ghafla. "Kuko mwingine anakuja na pesa saa nane." Mwache aje.

Kontra ya mauzo muifanye kwa notere, si kwa rafiki anayejua kuandika. Ndani muweke majina kamili, namba za kadi, namba ya parsele, volime na folio, ukubwa, bei kwa tarakimu na kwa maneno, nani analipa gharama za mutasio (kubadilisha jina kwenye kitabu), na itakuwaje mtu mwingine akitokea na madai. Usilipe yote siku moja. Mimi napenda hivi: sehemu siku ya kusaini, kubwa siku muuzaji anapoweka setifika yake kwa konservatere kwa ajili ya mutasio, na kidogo inabaki mpaka setifika mpya itoke. Muuzaji mwaminifu atanung'unika lakini atakubali.

Lipa kwa benki, konti kwa konti. Kama mmeshikilia keshi, basi hesabieni mbele ya mashahidi na mujue noti za dola watakavyozichagua, hiyo imepasuka kidogo, hiyo ina wino, hiyo ni ya zamani, mtakaa nusu siku. Mwombe pia risiti za kodi ya parsele za miaka ya mwisho. Kama hakulipa, deni litakukuta wewe ndiye uko pale.

Mutasio

Watu wengi wanasimama kwenye kontra, wanaiweka chini ya matela na kusema nimenunua. Bado! Mpaka jina libadilike kwenye kitabu, kwa macho ya serikali parsele ni ya yule wa zamani, na akiwa na roho mbaya anaweza kuuza tena. Kuuza mara mbili ni kosa, wanaliita stelionati, anaweza kufungwa, lakini kufungwa kwake hakukurudishii pesa.

Muuzaji anarudisha setifika yake, inafutwa, ya kwako inaandikwa. Malipo ya serikali yanapita benki na noti ya persepsio, karatasi ya serikali inayoandika utalipa ngapi, kwa hiyo kila anayekuomba mkononi mwombe noti. Kuwa na shemisi (faili) moja ya karatasi zote na kopi nyumbani kwa mtu mwingine. Na setifika ikitoka, andika tarehe yake mahali: baada ya miaka miwili haishambuliwi tena kirahisi, na ndani ya hiyo miaka miwili usilale.

Kukaa juu yake

Usiache parsele tupu. Hata kama pesa imekwisha, choma tofali elfu mbili, weka fundesho (msingi) ya chumba kimoja, choo, na manjanja (mabati) machache juu, mtie kijana wa familia akae pale alime mihogo. Ukianza kujenga kwa kweli omba ruhusa ya kujenga kwa Irbanisme (ofisi ya mipango ya mji) kabla ya kuchimba, maana watakuja wakishaona mchanga umemwagwa. Na kama utasafiri ama kuna ugomvi wowote kwenye ukoo wa muuzaji, nunua rangi nyekundu, andika ukutani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, herufi kubwa zionekane toka njiani: PARSELE HII HAIUZWI.